Mtafsiri asilimeze neno "perhaps"

Somo la juma hili linaanzia kwenye neno moja la Kiingereza, nalo ni "perhaps". Wengine watauliza: Kiingereza kinatafuta nini katika karatasi ya mahubiri? Jibu liko mbele ya macho yetu. Wahubiri wanatoka Uganda, Kenya, Nigeria, hata Marekani. Wanasimama mbele ya mikro, na ndugu yetu mmoja anasimama kando yao kutafsiri. Vijana wetu wanajifunza Kiingereza jioni katika majengo ya makanisa. Tangu 2022 nchi yetu imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiingereza ni lugha ya ofisi. Na hapa kwenye redio tunapitisha mahubiri ya namna hiyo, lugha mbili kwa zamu, sentensi kwa sentensi. Tunapoyasikiliza kabla ya kuyapitisha hewani, neno ambalo tunaliona likipotea njiani kuliko mengine ni hili.

Linapotea kwa sababu ni dogo, na kwa sababu wenye lugha wenyewe hulimeza. Limeandikwa kwa silabi mbili, lakini mtu akisema haraka utasikia kitu kama "praps", pumzi moja tu, halafu sentensi imekwisha kupita. Mtafsiri anayesikiliza kwa makini jina la mtu, mstari wa Biblia na hesabu ya miaka, hilo linampita. Kumbe maana yote ya sentensi ilikuwa imefungwa hapo.

Maana yake ya kwanza ni nyepesi: labda, pengine, huenda. Anayesema "Perhaps it will rain" anasema labda mvua itanyesha. Hajasema itanyesha, wala hajasema haitanyesha. Amesema kwamba yeye hajui, na kwamba mlango uko wazi pande zote mbili.

Neno lenyewe limeungwa kwa vipande viwili. "Per" ni kipande cha Kilatini kilichopitia Kifaransa, maana yake "kwa" au "kwa njia ya". "Hap" ni neno la zamani lililoletwa Uingereza na watu wa kaskazini, wale wa nchi za Skandinavia, na maana yake ilikuwa bahati. Kipande hicho kimo ndani ya "happen", yaani kutokea, na ndani ya "happy", mwenye furaha, kwa kuwa zamani mtu "happy" alikuwa mtu aliyebahatika. Mkristo akisikia habari ya bahati anaweza kushtuka na kusema basi neno hili tuliache. Asishtuke. Wanaolisema leo hawafikirii bahati, sawa vile sisi tunaposema "pengine" hatufikirii mahali, ingawa ndivyo neno lilivyojengwa: pengine, mahali pengine, upande mwingine. Ndugu zetu wa Lingala husema "ntango mosusu", wakati mwingine, nao wamepita karibu na njia hiyo hiyo.

Na "labda" yetu ina historia ya kuchekesha kidogo. Imetoka kwa Kiarabu, "la budda". Kwa Kiarabu maana yake ni jambo lisiloepukika, jambo la lazima! Ni mzizi ule ule uliotupatia "sina budi" na "hapana budi". Neno la lazima lilivuka bahari, likafika kwetu, likawa neno la mashaka. Tunalitaja hili kusudi ndugu zetu wanaofundisha Kiingereza wasiwaambie wanafunzi kwamba kila neno lina maana moja tangu kuumbwa kwa dunia. Maneno hutembea.

"Maybe" ni ndugu yake "perhaps". Yeye na "peut-être" ya Kifaransa ni mapacha, kwa kuwa vyote viwili vimejengwa kwa "inaweza kuwa". Kwa maana hakuna tofauti kati ya "maybe" na "perhaps". Kwa mazoea iko: "maybe" ni ya mazungumzo ya kila siku, na Wamarekani wanaipenda; "perhaps" inasikika zaidi katika maandishi, katika hotuba na midomoni mwa Waingereza. Mwanafunzi aangalie tu kwamba "maybe", neno moja, ni labda, na "may be", maneno mawili, ni anaweza kuwa. "Maybe he is sick." "He may be sick." Habari ni moja, lakini ukichanganya maandishi mwalimu atakukata alama.

Jambo zito zaidi ni kipimo. Waingereza wana ngazi ya maneno haya, na mtafsiri anapaswa kujua kila neno limesimama kwenye kipandio gani. Juu kabisa iko "certainly", hakika. Chini yake "probably": mtu hajui kabisa, lakini anaelemea upande wa ndiyo, kama mtu anayeona wingu jeusi tayari liko juu ya mlima. Halafu "perhaps" na "maybe", ambazo hazielemei popote. Halafu "possibly", haikatazwi, lakini usiitegemee sana. Sisi mara nyingi tunavimimina vyote vitatu katika chungu kimoja cha "labda". Hiyo ni hasara. "Probably" inafaa iwe "inaelekea" au "kwa kadiri tunavyoona". Mganga wa hospitali akimwambia mzazi "The child will probably recover", amempa tumaini kubwa kuliko "perhaps". Mzazi huyo akitafsiriwa "labda mtoto atapona", atalala usiku mzima akilia bila sababu.

Kuna neno jingine la kutegea, "surely". Ukiliona utafikiri ni hakika, na katika Biblia ya Kiingereza ya zamani ndivyo lilivyo. Lakini Mwingereza wa leo akisema "Surely he will come", mara nyingi ni kwa sababu ameanza kuogopa kwamba huyo mtu haji. Anajitia moyo, au anataka umkubalie. Tungesema "jamani, si atakuja?"

Tena, "perhaps" haifanyi kazi moja. Wakati mwingine inakadiria hesabu tu: "perhaps fifty people" ni watu kama 50, wala hakuna mashaka ya moyo hapo. Wakati mwingine ni adabu. Mgeni anamwambia mchungaji wa mahali, "Perhaps we should stop here." Hana shaka hata kidogo, anataka ibada ifungwe, jua limezama na safari ni ndefu. Lakini hataki kuamuru katika nyumba ya mwingine, kwa hiyo anaikunja amri yake katika neno laini. Mtafsiri akisema "labda tukomee hapa", watu wataona mgeni anasitasita, na korali itaongeza nyimbo tatu. Afadhali aseme "Baba mchungaji, tunaomba tukomee hapa". Hivyo hivyo "Perhaps you did not understand me" ni karipio lenye glavu: hamkunielewa, lakini sitaki kuwaaibisha.

Na iko ile ya mahubiri, ambayo tunaisikia karibu kila mara: "Perhaps you are here tonight and your marriage is broken." Mhubiri hamjui mtu yeyote pale. Anatupa wavu tu, anajua kwamba katika watu wengi hakosi mwenye shida hiyo. Tafsiri nzuri ni "huenda uko hapa usiku huu, na ndoa yako imevunjika". Neno hilo likiondolewa, sentensi inageuka kuwa "uko hapa usiku huu na ndoa yako imevunjika", na sasa kila mtu anaamini kwamba mgeni amefunuliwa jambo la mtu fulani. Wanageuza shingo kutafuta ni nani. Wanandoa waliogombana asubuhi wanajiona wametajwa mbele ya kanisa lote. Mhubiri hakudai ufunuo wowote. Alikuwa anasema kwa uaminifu kwamba hajui.

Sasa tufike mahali ambapo neno hili linagusa uhai. Tuchukue mfano. Mhubiri anamaliza ujumbe wake kwa kusema, "Perhaps God will heal you this very night." Mtafsiri, amejaa moto wa ibada, anainua sauti: "Mungu atakuponya usiku huu huu!" Shangwe, makofi, vigelegele. Kati ya watu hao tufikiri yuko mama aliye katika mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Matibabu ya kawaida ya ugonjwa huo ni ya miezi 6, na mara nyingi baada ya majuma machache mgonjwa anapata nguvu, kikohozi kinapungua, anaanza kula. Mama huyu amesikia ahadi yenye siku na saa. Anajisikia vizuri kweli. Anarudi nyumbani, anaweka vidonge juu ya kabati, na hafiki tena kwenye kituo cha afya, kwa maana kurudi kule ingekuwa kama kumwita Mungu mwongo. Ugonjwa unapomrudia, vijidudu vilivyobaki mwilini vinaweza kuwa vimezoea zile dawa, na matibabu yanayofuata ni magumu kuliko yale aliyoyaacha. Watoto wanaolala naye chumba kimoja nao wako hatarini.

Kisha kuna jeraha la pili, lisiloonekana kwenye picha za hospitali. Mama anaanza kujichunguza: ni dhambi gani imenizuia? Mungu aliahidi kuniponya usiku ule, wengine wote walicheka kwa furaha, mimi peke yangu nimeachwa. Tungependa kumwambia mama huyo kwamba Mungu hakuahidi usiku ule. Hata mhubiri hakuahidi. Ahadi hiyo ilizaliwa kati ya mikro mbili.

Kwa nini watafsiri wetu hulimeza neno hili hata wanapolisikia vizuri? Tumezungumza na baadhi yao, na sababu wanayoitoa ni moja: wanaogopa kwamba "labda" ni neno la mtu asiye na imani. Wanakumbuka Yakobo sura ya kwanza, anavyomwonya mwenye kuomba huku moyo wake unayumba kama maji ya ziwa penye upepo. Kwa hiyo wanaona wanamsaidia mgeni, wanamtia nguvu mahali alipolegea. Hofu hiyo tunaiheshimu. Lakini inachanganya mambo mawili. Yakobo anasema juu ya mtu asiyejua kama Mungu ni mwema na mkarimu. "Perhaps" ya mhubiri inasema juu ya mtu asiyejua Mungu amepanga nini kwa usiku huu na kwa mtu huyu. Yakobo huyo huyo, katika sura ya 4, anawakemea wafanyabiashara wanaotangaza mji watakaokwenda, mwaka watakaokaa na faida watakayopata, kwa kuwa hawajui hata kesho. Anawafundisha waweke mapenzi ya Bwana mbele ya mipango yao. Asiyejua kesho na akasema hajui, huyo hajatenda dhambi ya mashaka.

Yonatani ni mwalimu mzuri hapa. Katika 1 Samweli 14 jeshi la Sauli limebaki watu kama 600, Wafilisti wamejaa kama mchanga, na ukisoma mwisho wa sura ya 13 utaona kwamba siku ya vita hakuna mwenye upanga wala mkuki upande wa Israeli ila Sauli na mwana wake. Yonatani anamwambia kijana anayembebea silaha waende wavuke, wao wawili. Katika mstari wa 6 anasema mambo mawili mfululizo. La kwanza lina labda ndani yake: huenda Bwana atatenda kitu kwa ajili yao. La pili halina labda yoyote: hakuna kinachomzuia Bwana kuokoa, watu wawe wengi au wachache. Tazameni jinsi alivyogawa maneno yake. Juu ya uwezo wa Mungu, hakika. Juu ya jambo ambalo Mungu ataamua siku hiyo, labda. Na akiwa na labda hiyo akapanda mwamba kwa mikono na miguu! Nani atasema hakuwa na imani? Biblia ya Kiebrania inatumia hapo neno "ulai", ambalo ndilo "perhaps" yao. Ni neno lile lile ambalo Abrahamu alilirudia mbele za Bwana alipoombea Sodoma, akishuka kutoka wenye haki 50 mpaka 10. Mara 6 limo katika maombezi yake, na Bwana hakumkaripia hata mara moja.

Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya mfalme James ambayo wahubiri wengi wa Kiingereza bado wanaibeba, neno "perhaps" lenyewe limo mara 3 tu. Mahali pengine walitumia maneno mazee kama "peradventure", ambayo leo hakuna anayeyasema sokoni. Mara hizo 3 zote ziko katika Agano Jipya.

Moja ni katika 2 Wakorinto 2:7, Paulo anapoomba kanisa limsamehe mtu aliyeadhibiwa, asije akazamishwa na huzuni. Hapo "perhaps" ni ya kuzuia hatari, na haina shida kwa mtafsiri. Nyingine ni katika Matendo 8:22. Simoni mchawi ametaka kununua uwezo wa Roho kwa fedha, na Petro anamwambia atubu na kumwomba Bwana, kwamba huenda akasamehewa. Watu wengine husoma hapo wakaogopa: je, Mungu anaweza kukataa kumsamehe anayetubu? Lakini angalieni shaka ya Petro imeelekea wapi. Mstari unaofuata unaonyesha alichokiona katika moyo wa yule mtu, uchungu na vifungo vya uovu. Petro hajui kama Simoni atatubu kweli. Rehema ya Mungu haikuwa na swali. Swali lilikuwa Simoni.

Ya tatu tunaipenda kuliko zote. Iko katika barua kwa Filemoni, barua fupi ya mistari 25, mstari wa 15. Onesimo alikuwa mtumwa, akatoroka, akakutana na Paulo kifungoni, akaokoka. Sasa Paulo anamrudisha kwa bwana wake, anaomba apokelewe kama ndugu. Na anamwambia Filemoni kwamba labda Onesimo alitengwa naye kwa muda kusudi ampate milele. Labda! Huyu ni mtume. Ameona maono, amesikia sauti ya Bwana njiani Damasko. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "Mungu ameniambia kwa nini mtumwa wako alitoroka", ni yeye. Zaidi ya hayo, ingemsaidia: Filemoni angeogopa kukataa. Paulo hakulitumia jina la Mungu kumsukuma mtu. Alieleza jinsi alivyoliona jambo, akaweka neno la "tacha", labda kwa Kigiriki, akamwachia Filemoni nafasi ya kuona mwenyewe.

Sisi wa mashariki mwa Congo tunahitaji sana "perhaps" hiyo ya Paulo, zaidi sana kwenye kilio. Familia imekimbia vita, imepoteza mtoto njiani. Ndugu wanafika, wanaketi kwenye mkeka, na mmoja anasema kwa sauti ya hakika: "Mungu amemchukua kwa sababu aliona mambo mabaya mbele yake." Mwingine: "Ni kusudi ninyi mpate kumrudia Mungu." Nani amewaambia? Mama aliyefiwa hawezi kujibu, kwa maana jibu lake litaonekana kama anabishana na Mungu. Anayesema "labda siku moja tutaelewa, leo hatuelewi" amemwachia mama nafasi ya kulia.

Mfalme Daudi alifunga siku 7 kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, akalala chini, akakataa chakula. Tunaisoma katika 2 Samweli 12. Nabii Natani alikuwa tayari amesema kwamba mtoto atakufa, lakini Daudi aliomba hata hivyo. Siku ya 7 mtoto akafa. Watumishi waliogopa kumwambia. Yeye alipojua aliinuka, akaoga, akabadilisha nguo, akaingia nyumbani mwa Bwana kuabudu, kisha akala. Walipomuuliza, alieleza kwamba mtoto alipokuwa hai aliona hakuna anayejua, huenda Bwana angemhurumia. Maombi ya siku 7, yenye machozi, juu ya labda. Tena maombi hayo hayakumvunja yalipojibiwa hapana, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amemwahidi ndiyo. Mtu aliyeambiwa "hakika atapona" angeweza kuoga na kwenda kuabudu siku ile? Wengine tunawajua waliotoka kanisani siku kama hiyo, na hawajarudi.

Kuna upande mwingine ambao hatuwezi kuuruka. Labda inaweza pia kuwa maficho. Unayedaiwa franka na kusema "labda kesho" huku unajua kesho huna kitu, umesema uongo kwa neno laini. Waingereza nao wana tabia hiyo: mwaliko usioutaka unajibiwa "Perhaps I will come", na kila mtu anaelewa kwamba huji. Bwana Yesu alitaka ndiyo yetu iwe ndiyo. Na kuna mambo ambayo mhubiri akiyawekea "perhaps" tutamwuliza anahubiri nini: kwamba Kristo amefufuka, kwamba Mungu humpokea anayemjia. Mtafsiri akikutana na "perhaps" mahali pa namna hiyo, bado asiliondoe kimya kimya. Alitafsiri jinsi lilivyosemwa, na wazee wa kanisa watazungumza na mgeni baada ya ibada.

Basi kwa ndugu na dada mnaosimama kando ya mikro, haya tumeyaona yakisaidia. Kaa na mhubiri dakika 10 kabla ya ibada, uzoee sauti yake, umwombe asimeze maneno madogo. Ukisikia "may", "might", "could", jua ni za ukoo wa "perhaps". "He may heal" haisemi "ataponya", inasema "anaweza akaponya". Ukiwa na shaka kama umesikia "perhaps" au hukusikia, mgeukie mhubiri na umwulize hapo hapo. Watu hawatakucheka, watangoja. Usibadilishe "labda" kwa sababu umati unangoja neno kubwa. Na kwa ninyi mnaosikiliza: ahadi yoyote yenye siku, saa au hesabu ya fedha, jioni hiyo mtafuteni anayejua Kiingereza, mwulizeni mgeni alisema nini hasa. Dawa za hospitali ziendelee mpaka waganga waliokupa wakuambie acha. Aliyeponywa hana la kuogopa katika kupimwa. Bwana Yesu aliwatuma wenye ukoma waliotakaswa wakajionyeshe kwa makuhani.

Hapa redioni, kanda za mahubiri ya lugha mbili sasa zinasikilizwa na watu wawili kabla ya kupita hewani, mmoja akifuata Kiingereza na mwingine Kiswahili, kila mmoja na kalamu yake. Panapopotea "perhaps", tunamwita mtafsiri arudie sentensi hiyo moja katika studio. Inachukua muda, na mara nyingine sauti iliyorekodiwa upya haifanani na kelele za uwanjani, mtatusamehe kwa hilo. Anayejua Kiingereza vizuri na ana nafasi siku ya tano alasiri, tunamkaribisha kuja kusikiliza pamoja nasi. Aje na daftari.